Waliita ikigage changu "murky", wakakichuja

Vijana wa humu, na nyinyi wakuu mnaosoma kimya kimya bila kuandika, habari zenu.

Mimi ni bibi. Nimesoma madarasa mawili tu, Kiswahili nilikiokota Buyenzi kule Bujumbura nilikokulia. Sitaongeza chumvi. Nikidanganya, wajukuu wangu wako humu humu, wataniumbua.

Naishi Niboye na mwanangu, mkewe Claudine na watoto wao. Claudine alikulia Uganda, Kiingereza kinamtoka bila kutafuta. Ni mchapakazi, sina neno naye. Ila hili nitalisema.

Mjukuu wangu Diane alikuwa anakuja kuombwa. Siku ya gusaba, yaani ya posa, wageni wa upande wa kijana hawaondoki bila kuonja pombe ya nyumba ya binti. Na mabinti wote wa nyumba hii nimewapikia mimi, ikigage, pombe ya mtama. Naulowesha, ukiota naanika, nasaga, napika. Siku hizo usinisemeshe ovyo.

Wiki ile jua liligoma.

Watoto wamekaa barazani na kitabu cha Kiingereza, wanashindana kuyapa mawingu jina. Leo ni cloudy. Hapana, ni overcast. Hapana, gloomy!

Nikauliza, "Mvua inanyesha ama hainyeshi?"

Maneno matatu, na hakuna aliyeinuka kuingiza mtama wangu. Niliingiza mwenyewe.

Pombe ikaiva. Nzito, rangi ya udongo, inavyotakiwa. Claudine akachungulia.

"Mama, mbona iko murky hivi? Watasema tumewapa maji ya mto Nyabarongo."

"Murky ndiyo nini?"

"Maji machafu, Mama. Hauoni chini."

"Huko chini umepoteza nini?"

Akacheka. Nikadhani yameisha.

Asubuhi ya sherehe nikaenda misa. Kurudi, nakuta shuka jeupe limejaa machicha, na pembeni ndoo mbili za kitu chepesi kama maji ya kuoshea mchele. Ameichuja mara tatu! Utamu wote, nguvu yote, iko kwenye shuka.

Nililia, sifichi. Diane wangu ataombwa kwa maji?

Muda wa kupika nyingine haukuwepo. Nikajifunga kitenge, nikarudisha machicha yote ndani, nikaanza kukoroga.

"Mama, wageni wako getini!" Claudine akaita.

"Waambie mukecuru, bibi kizee wa nyumba, anakoroga."

Nikaipeleka mwenyewe mbele za watu, na matone kwenye kitenge. Msemaji wao, mzee mmoja wa Gisozi, akaitazama sana. Nikamwambia, "Mzee, mbingu nyeupe isiyo na wingu haijawahi kuotesha mtama. Kunywa."

Haikuwa nzuri kama zangu zote, nakubali, ilikuwa imechachuka kidogo. Lakini ilikuwa pombe. Mzee akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Hii imepikwa na mtu." Akaomba tena. Tukamtoa Diane kwa heshima.

Jifunzeni Kiingereza, sikatazi. Cloudy, murky, yote yajueni. Ila mtu ambaye hajapika asikupe jina la kukufanya uone aibu na chungu cha kwenu.

Kama nimekosea, semeni hapa hapa. Mnaotaka kunitukana pia karibuni, nimezeeka, sivunjiki.

Wageni walipoondoka, niliwaita wote sebuleni, Claudine mbele, nikawaambia: kuanzia leo, shuka lisiguse ikigage kwenye nyumba hii. Anayetaka kinywaji cha kuona chini ya glasi, bomba iko uani, akakinge.