Msusi na Jongoo Wake

Msusi ana vidole vyepesi na mdomo usiotulia. Kwenye dirisha la saluni yake ya Mikumi ameweka sanduku la kioo, makao ya jongoo wake mpya, lenye udongo mweusi, majani makavu na kipande cha gogo lililooza. Kila akimaliza mstari wa nywele hupuliza maji kichwani kwa mteja, kisha hugeuka akalowesha yale majani. "Dada, mbona jongoo mwenyewe haonekani tangu Jumapili?" Tumwagile aliuliza, akiwa amesukwa upande mmoja. "Au amekufa?" "Anakagua nyumba. Tulia." Lakini sauti ya msusi ilishuka. Mara vidole vikaacha kichwa. Jongoo alikuwa anapanda gogo, miguu yake ikifuatana bila haraka. Msusi alichuchumaa, kimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Amepapenda," alinong'ona. Tumwagile akaushikilia mwenyewe msuko ulioachwa njiani usifumuke, akasogeza kigoda karibu na kioo.