Bwana Enhe

Kwenye klabu ya mchezo wa puli iliyo nyuma ya maduka ya vitambaa, fundi saa alikuwa na jina ambalo hakulichagua na wala halikumkera: Bwana Enhe. Alilipata kwa sababu ya mkewe. Yule mama alikuwa na maneno ya kuwatosha watu watatu, na kila alasiri mumewe alipokwenda kucheza, naye alikuwamo safarini. Alikaa kwenye benchi la dirishani, akatoa sweta anayoifuma, akaanza. Aliondokea kwa jirani, akapitia kwa wifi yake, akazunguka mpaka kwa watu ambao hata hajuani nao. Mumewe, amejikunja juu ya meza na fimbo mkononi, alimwitikia tu.

"Enhe," alisema, na mpira ukaingia. "Enhe, ikawaje?" Na mwingine ukaingia.

Mara nyingine mama alinyamaza makusudi katikati ya stori, kumjaribu. Asiposikia "enhe" alisema, "Haya, hunisikilizi, naacha." Basi mzee wa watu alijifunza kuitoa hiyo enhe mahali pake hasa, wala hakukosea. Alipata kuwaambia wenzake, "Huyu mama angeninyamazia siku moja tu, ningekuwa bingwa." Wenzake walicheka, naye mama alicheka kuliko wote. Miaka thelathini na minne ya ndoa humfanya mtu alalamikie hata kile kinachomfaa.

Mama alipofariki, fundi akanyamaziwa kweli. Klabu nzima ilimnyamazia. Watu wazima waliozoea kutaniana mpaka wakatokwa na machozi, sasa fundi akiinama tu mezani wanafunga midomo. Anayekunywa chai anakishika kikombe hewani. Jina la Bwana Enhe likaondoka pamoja na mama, kwa heshima, na badala yake akawa "mzee wetu." Hakuna aliyemuuliza lolote. Waliona kumuuliza ni kumtonesha kidonda, na kila mmoja akamwachia mwenzake.

Na fundi akaanza kukosa.

Hakukosa kidogo. Alikosa mipira iliyokaa mdomoni mwa shimo, ile ambayo ukiipulizia tu inaingia. Alisimama juu ya mpira mweupe, akaanza kujiamuru moyoni: kiwiko ndani, bega lisitikisike, shika pumzi, usiharakishe, si hapo, kulia kidogo, rudi. Kufikia wakati wa kupiga, mkono ulikuwa umepewa amri kumi na mbili na haujui utii ipi. Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema, na mshindo wote ulikuwa kichwani mwa fundi.

"Tuliza akili, mzee wetu," Katibu alimshauri. Katibu wa klabu alikuwa mtu mwema na mshauri mbaya. "Usifikirie kitu."

Haya, nani amewahi kuiambia akili yake inyamaze ikanyamaza? Ukiiambia nyamaza, inakuuliza ninyamazeje, na hapo mmeshaanza mazungumzo.

Hata dukani mambo yalikuwa hayo hayo. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: meza, taa ya kuinama, lenzi ya kubana jichoni, na ukuta mzima wa saa zinazosubiri wenyewe. Zamani alifungua saa huku akiongea na mteja, na mikono yake ikajua skrubu ipi inafuata ipi. Sasa alizihesabu kwa sauti moja moja, akazipanga kwenye karatasi, akazihesabu tena. Kazi ya nusu saa ikala asubuhi nzima. Jioni alifunga mlango, akapita pazia, akaingia chumba cha nyuma, akala amesimama. Kulikuwa na viti viwili na hakupenda kukalia chochote kati ya hivyo. Alikuwa mpweke, na hilo halina haja ya kuzungushwa.

Klabu ndiyo iliyobaki. Kila Jumamosi timu ya watu watano ilipanda gari la kukodi kwenda kucheza na klabu za kwingine, na njia nzima ilikuwa soga, ubishi na kuchokozana. Fundi hakuwa msemaji, lakini alikaa katikati yao, akaguswa mabega huku na huku gari linapoyumba, na siku ikapita. Sasa Katibu alimwita pembeni, akatazama viatu vyake mwenyewe, akasema, "Mzee wetu, wewe mwenyewe unaona. Kijana Bucha anacheza vizuri. Nafasi ya tano wanachama wanaitaka ishindaniwe. Alhamisi, saa tisa alasiri, michezo mitatu. Atakayeshinda miwili ndiye anakwenda."

"Nikishindwa?"

"Utakuja kututazama tukifanya mazoezi. Karibu wakati wowote."

Fundi alilielewa vizuri neno hilo "kututazama." Mtu anayekuja kutazama huja wiki ya kwanza, huja ya pili kwa kuchelewa, kisha anabaki nyumbani na viti vyake viwili.

Siku zilizobaki alijitahidi kwa akili yake yote, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Kisha akapata wazo. Asubuhi moja klabu ikiwa tupu alikwenda na redio yake ndogo, akaiweka pale benchini, akafungulia kipindi cha mazungumzo. Mtangazaji aliongea, akacheka na wenzake, akaongea tena. Fundi akainama na kusema, "Enhe." Redio haikujali. Aseme enhe asiseme, yule bwana anaendelea. Fundi akakosa mpira wa wazi kabisa, akaizima.

Akajaribu kwa binti yake, aliyeolewa mbali na ambaye hupiga simu kila Jumapili.

"Baba, shikamoo. Umekula?"

"Marahaba. Nimekula. Mwanangu, hebu nisimulie kitu."

"Kitu gani, baba?"

"Chochote. Kirefu."

Binti alikuwa amerithi mdomo wa baba yake, masikini. "Huku kuna mvua," akasema mwishowe.

"Enhe."

"Basi, mvua tu. Baba, unaumwa?"

Alhamisi ikafika. Bucha alikuwa muuza nyama wa miaka thelathini hivi, mikono mikubwa, roho nyeupe, na ulimi usiojua breki. Miezi mingi alikuwa safarini kununua ng'ombe, na alikuwa amerudi karibuni tu. Alimsalimia fundi kwa adabu, akampa mkono, akamshinda mchezo wa kwanza kabla chai haijapoa. Wa pili fundi aliuokota tu: Bucha mwenyewe aliutumbukiza mpira mweusi kabla ya wakati wake, kosa la kupoteza mchezo, akacheka, akajipiga kofi la paji la uso. Sasa kila mmoja alikuwa na mchezo mmoja.

Mchezo wa tatu fundi aliokoteza mitatu, Bucha akaingiza mitano, kisha akakosa. Fundi akasogea. Alibakiwa na mipira minne, na baada yake ule mweusi. Watu kama ishirini walisimama kuzunguka meza, na wote kwa pamoja wakafanya ile heshima yao. Hata feni ilisikika. Fundi akainama. Kiwiko ndani. Bega. Pumzi. Akainuka. Akapaka chaki fimbo iliyokwisha kupakwa. Akainama tena, na jasho likamdondoka juu ya kitambaa cha meza.

Bucha hakuweza kukistahimili kimya kile. Alikuwa mtu wa buchani, alizoea kelele. "Mzee, samahani," akasema. "Mimi sikuwepo. Hivi mama alipatwa na nini?"

"We!" Katibu akamkaripia kwa kunong'ona. Mtu hasemeshwi akiwa juu ya mpira, na jambo lile lilikuwa halisemwi hata nje ya meza.

Fundi hakuinuka. Miezi minane alikuwa akilisubiri swali hilo kwa mtu yeyote.

"Ilikuwa Jumanne," akasema. "Nilikuwa na saa ya ukutani ya mteja mmoja, saa kubwa ya kamani, nimeshaifungua yote."

"Enhe," akasema Bucha.

Hakulisema kwa hila. Alilisema kama kila mtu anavyolisema akisimuliwa jambo. Na mkono wa fundi ukaenda. Mpira wa kwanza ukaingia shimo la pembeni, naye akawa ameshazunguka meza kuufuata wa pili bila kuamua kuzunguka.

"Kamani, ile springi ya saa, ukiiachia ghafla inafyatuka, inaweza kukukata kidole. Kwa hiyo nilikuwa nimeishika hivi, kwa mikono yote miwili. Yeye alikuwa chumba cha nyuma amejilaza. Alisema amechoka. Kuchoka kwenyewe si jambo, alikuwa amefua tangu alfajiri."

"Enhe."

Wa pili ukaingia.

"Alikuwa akiongea nami kwa nyuma ya pazia. Habari za shangazi yake na mpangaji wake, walivyogombana juu ya kamba ya kuanikia. Nikawa naitikia. Mnanijua mimi."

"Tunakujua," akasema mtu mmoja nyuma, kisha akajutia.

"Enhe, mzee," Bucha akahimiza.

Wa tatu ulikuwa mgumu, umejificha nyuma ya mpira wa Bucha. Fundi hakuonekana kuutafakari. Aliugonga mweupe kwenye ukingo wa meza, ukarudi, ukausukuma mpira wake polepole mpaka ukadondoka. Wachache waliguna. Yeye hakuwasikia.

"Shangazi akaisha. Kimya kidogo. Mimi niko na kamani yangu. Halafu akasema kitu kingine. Kifupi, kwa sauti ya chini, si kama sauti yake ya stori."

"Enhe."

Wa nne ukaenda. Sasa alibaki yeye na mweusi, na mweusi ulikaa karibu na pembe, njia nyeupe kabisa. Akainama.

"Nikamwitikia. Nikamwambia 'enhe.' Hakuendelea. Nikadhani usingizi umempitia. Nikamaliza kufunga ile saa, nikaitia ufunguo, nikaisikiliza inavyotembea, nikaona nimeifanya vizuri. Ndipo nikaingia ndani."

"Alikuwa amesemaje?" akauliza Bucha.

"Sijui," akasema fundi, na mkono ukapiga.

Mpira mweusi ukaingia katikati ya shimo. Hakuna aliyepiga makofi. Fundi alibaki ameinama pale pale, kidevu juu ya fimbo, akiitazama sehemu ya meza ambayo haikuwa na kitu tena.

"Sikumsikia," akasema. "Labda aliomba maji. Labda alisema kifua kinamuuma. Niko hatua nne kutoka kwake, ningeweka kamani chini ningefika. Masikio yalikuwapo, mimi sikuwapo. Mdomo ukajibu wenyewe. Na enhe maana yake ni endelea. Mke wangu alinililia, mimi nikamwambia aendelee."

Hapo kila mtu akafahamu kilichokuwa kikimsumbua juu ya meza ile. Tangu Jumanne hiyo fundi alijiapiza kwamba mikono yake haitafanya jambo lolote tena bila yeye mwenyewe kuwapo, macho na akili, hata kama ni skrubu moja, hata kama ni mpira wa kuchezea. Na mchezo wa puli haumtaki mtu wa namna hiyo. Unamtaka aondoke kidogo na kuuachia mkono. Leo alikuwa ameondoka tena, mara tano mfululizo, na ameshinda, na alijiona amemkosea mkewe mara ya pili.

Bucha aliweka fimbo yake chini, akaja upande wa pili wa meza. "Mzee," akasema, "pengine alisema tu kwamba analala."

"Pengine."

"Watu wakichoka husema hivyo."

"Husema," akakubali fundi, akajifuta uso kwa kiganja chenye chaki, akabaki na alama ya buluu shavuni. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Watu wakaanza kutawanyika kwa aibu, mmoja mmoja, wakimgusa bega wakipita. Feni ikazimwa. Katibu, ambaye hakuwahi kujua afanye nini na huzuni ya mtu mwingine, akafungua daftari la timu, akaandika jina la tano, na kwa sababu alikuwa akiandika alisema maneno yake kwa daftari.

"Jumamosi tunaondoka saa nne kamili."

Fundi alikuwa anarudisha fimbo ukutani, mgongo umegeuka. Mkono wake ukasimama. Akaiacha fimbo, akageuka, akavuka chumba chote mpaka akasimama mbele ya Katibu.

"Unasemaje?"

"Nasema Jumamosi tunaondoka saa nne kamili," Katibu akarudia kwa sauti kubwa, akidhani masikio ya mzee yameanza kuchoka.

Fundi alimtazama mdomoni mpaka neno la mwisho likatoka.

"Nimekusikia," akasema.