Mafuta ya Magoti Kanisani

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Kazi yangu hapa Stockholm ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na nimefungua milango mingi asubuhi bila kujua nitakuta nini upande wa pili. Lakini Jumapili ile, katika ukumbi tunaokodi kwa ibada kule Jakobsberg, nilishtuka. Na kilichonishtua kilikuwa harufu.

Acha nieleze kwanza ilikotoka.

Miezi michache kabla, nilimpeleka mama yangu India kwa ajili ya magoti. Tangu tulipofika Sweden kutoka Bukavu, Kongo, amekuwa akisafisha ofisi za watu, na magoti yalichoka kabla yake. Mwenzangu mmoja kazini, mzaliwa wa Kerala, ndiye aliyenisimulia juu ya mji mdogo wa kwao, kusini kabisa mwa India, ambako watu huenda kutibiwa kwa Ayurveda, ile tiba yao ya asili ya mitishamba na mafuta. Nilikwenda na kiburi changu cha mtu aliyesomea uuguzi Ulaya. Nilitarajia ubani na porojo.

Nilikuta mji unaonuka dawa kuanzia stendi ya basi. Maduka ya dawa yamepangana pande zote mbili za barabara, na mahali fulani nyuma yake majani na mizizi inachemshwa ndani ya mafuta tangu alfajiri, mpaka harufu inaingia kwenye wali na kwenye mashuka. Ulikuwa msimu wa mvua, ndio wakati wanaouona mzuri kwa tiba hiyo. Wagonjwa walipita polepole chini ya miavuli, vichwa vikimeremeta mafuta, hakuna mwenye haraka.

Daktari, mwanamke wa makamo, alimshika Mama mkono akasikiliza mapigo, kisha akamuuliza maswali nusu saa nzima. Analala ubavu gani? Anaota nini? Choo kikoje? Hukasirika saa ngapi? Saa zote, nilitaka kujibu kwa niaba yake. Halafu akaomba kuona vidonge vya kisukari tulivyotoka navyo Sweden, akasoma paketi moja moja, akasema asiache hata kimoja. Kiburi changu kikanywea pale pale.

Kwa wiki tatu Mama alilazwa kila asubuhi juu ya meza ndefu ya mbao yenye kingo za kuzuia mafuta yasimwagike, na wanawake wawili wakamkanda, mmoja kila upande, mikono yao ikipanda na kushuka kwa pamoja. Mama hapendi kuguswa. Siku ya kwanza alilia, na mimi nikatazama ukuta. Alikatazwa maji baridi, usingizi wa mchana na samaki, akapewa uji wa mchele, na kila jioni aliniuliza kama nimemleta huko kumtibu au kumfunga jela. Lakini siku ya kuondoka aliteremka ngazi akitazama mbele, si kiubavuubavu kama kaa. Nilikuwa sijaona hivyo kwa miaka.

Walimpa mafuta ya kuendelea nayo nyumbani, meusi, ya moto kwenye ngozi, chupa imeandikwa jina lake kwa mkono. Daktari alisisitiza: ni ya magoti ya mama huyu, si ya kichwani, si ya mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemtafsiria, neno kwa neno. Mama akaitikia, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Sasa, kanisani kwetu Mama ndiye mtunza chupa ya upako. Ni mafuta ya zeituni tu ya dukani, yanaombewa, kisha mchungaji anachovya kidole na kuwapaka wagonjwa kwenye paji la uso. Na mgonjwa wetu wakati huo alikuwa Mama mdogo. Si ndugu wa damu. Yeye na Mama walilala hema moja katika kambi ya wakimbizi, wakagawana sufuria moja, na mimi sijui kumwita jina jingine. Alikuwa ameonekana na uvimbe kwenye titi, wa ile aina mbaya, na Jumanne alikuwa afanyiwe operesheni. Tangu Noeli tulikuwa tunamwombea. Kila alipopakwa alirudi kwenye kiti chake akasema kwa sauti, maana hana sauti ya chini, "Sijasikia kitu." Mchungaji alijifanya hasikii.

Jumapili hiyo ya mwisho kabla ya kisu, mchungaji aliamua kutupaka sote. Mzee wa kwanza aliruka. "Moto!" akalia. Wa pili akapiga magoti bila kuambiwa. Mtoto mmoja wa kike nyuma yangu akaanza kufikicha macho na kulia kwa Kiswidi kwamba yanamwasha, na bibi yake akamjibu kwamba hiyo ni baraka. Watu walikuwa wanatoa machozi safu nzima. Kisha mchungaji akanifikia, na kabla kidole hakijanigusa, nikausikia ule mji. Kafuri, ufuta na majani yaliyoungua. Yalikuwa mafuta ya magoti ya mama yangu.

Nikageuka nimtafute Mama. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndipo zamu ya Mama mdogo ikafika. Mchungaji alimpaka paji la uso, naye mwenyewe akachukua tone akajipaka kifuani, chini ya shingo. Tukasubiri lile neno lake. "Minasikia," akasema polepole, kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Halafu kwa sauti yake ile: "Minasikia! Iko nachoma! Jameni, Mungu amenigusa!" Vigelegele vikapasua paa. Akainua mkono kutunyamazisha. "Kesho nitapigia hospitali. Nitabaambia babaki na kisu yabo!"

Nilipaswa kusimama. Najua. Watu hamsini walikuwa wanalia kwa furaha, na mimi, ninayejua uvimbe ule hufanya nini ukiachwa, nilikaa kama gunia. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Nilimbana Mama kwenye jiko la ukumbi, akiosha vikombe. Nilishadhani nimejua kilichotokea: chupa zimefanana, macho yake hafifu, amekosea. Nikaanza hata kumwonea huruma. "Mama, umechanganya chupa."

"Sikukosea," akasema. Akaendelea kuosha.

Nilimwambia arudie, akarudia.

"Mimi kule India, siku ya kwanza, nilisikia ule moto unaingia mpaka ndani ya mufupa. Nikasema, kumbe ningali na mwili. Huyu dada yangu, miezi yote hii, hasikii kitu. Anaenda kukatwa na anasema Mungu hamujui. Nilitaka asikie kitu mara moja tu. Mara moja!"

"Ataahirisha operesheni, Mama! Atakufa!"

Kikombe kikamponyoka. Naapa hakuwa amelifikiria hilo. Alidhani Mama mdogo angekwenda kwenye kisu akiwa na moyo mkunjufu, basi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono ikidondosha maji, akaniomba nikamwambie mimi, kwa kuwa mimi ni mtu wa hospitali. Nikakataa. Nilimwambia kwamba hata yule daktari wa mafuta, mwenye mji mzima wa dawa nyuma yake, alikataa kumwachisha vidonge, sembuse yeye na chupa ya kanisa.

Asubuhi ya Jumatatu tulikwenda Husby, anakoishi Mama mdogo. Alitufungulia mlango akiwa amevaa kitenge kizuri, nyumba inanukia maandazi. Alikuwa ameshapiga simu, saa mbili kamili. "Bamefuta," alisema. "Mukaribie chai."

Mama hakukaa. Aliitoa chupa kwenye mkoba, akaiweka mezani, akasema yote kwa pumzi moja, akitazama sahani. Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Mama mdogo hakupiga kelele. Alifungua chupa, akanusa, akajipaka kwenye kifundo cha mkono, akangoja. Sisi pia tukangoja. Niliona ngozi ikiwa nyekundu kidogo, na nikaona alipousikia moto.

"Kumbe njo huyu," akasema. "Ni huyu Mungu wangu wa jana."

Mama akaanza kulia. Mama mdogo akafunga kifuniko kwa nguvu. "Kutosikia kitu, mimi nilikuwa nimezoea. Ungeniacha na ile."

Kisha akanisukumia simu. Nimewatafsiria hawa wawili tangu nina miaka kumi na mmoja: shuleni, benki, kwa madaktari. Muuguzi aliyepokea aliuliza kwa nini mgonjwa alifuta miadi halafu anairudisha ndani ya saa mbili. Nilitaka kusema amechanganya tarehe. Mama mdogo akanitazama, maana Kiswidi anakisikia kuliko anavyokisema. "Mwambie kweli. Nilizani nimepona." Nikamwambia. Halafu muuguzi akasema nafasi haijatolewa kwa mtu mwingine, aje kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, asile kitu.

Jumanne Mama alitukuta kwenye treni bila kualikwa. Hakuna aliyesema naye, hakuna aliyemfukuza. Hospitalini alitufuata nyuma mpaka kwenye chumba cha maandalizi, akasimama karibu na mlango kama mgeni. Mama mdogo alikuwa ameshavishwa lile gauni la kufungwa mgongoni. Nilikuwa sijawahi kumwona mdogo vile. Muuguzi akasema tuna dakika tano.

"Dada," Mama mdogo akaita, bila kugeuka. "Kuya. Niombee."

Mama akasogea.

"Lakini bila kitu mukononi."

Mama akafungua viganja vyote viwili akamwonyesha. Mama mdogo akavishika, akavigeuza huku na huku, akavisogeza puani akavinusa, kimoja kimoja, bila haraka. Ndipo akafumba macho.