Kilio ni cha Wote

Tulipojenga nyuma ya hoteli ya Karavia, familia tatu ndani ya lupango mmoja, yaani ukuta mmoja na geti moja, tulibishana juu ya kila kitu kinachoingia mdomoni. Sisi ni watu wa Kasenga, bila samaki mkavu hatujala. Jirani wa kushoto ni mwenyeji, mtu wa mgodini tangu babu yake, na bia yake ya Jumapili haina mjadala. Wa kulia walikuwa Waislamu wenye asili ya Maniema, fundi seremala na mkewe. Tukakaa vikao hadi tukachoka. Nguruwe asipikwe kwenye jiko la pamoja. Bia inywewe nyuma ya nyumba. Samaki wangu waanikwe mbali na nguo za watu.

Lilipofika neno la mwisho, kwamba kilio ni cha wote, hakuna aliyeuliza swali. Tulipiga makofi. Nikiyakumbuka makofi yale nashikwa na hasira, maana neno lilikuwa moja na kila mtu alikuwa na lake kichwani. Kwetu kilio ni moto uani, wanawake kwenye mikeka, na maiti anangojewa mpaka ndugu wa mbali wafike. Kwa seremala na mkewe ni kumwosha marehemu, kumswalia na kumfikisha kaburini upesi. Kumchelewesha ni kumtesa.

Seremala alianguka asubuhi, akiwa kazini, akafa. Watu wa msikiti wakaja, na alasiri akazikwa. Mimi nilirudi kutoka sokoni nikakuta jeneza limeshaondoka. Jirani wa mgodini alirudi jioni, habari ya kifo ameipata njiani, buti bado miguuni. Hawa wawili walikuwa marafiki wa kweli. Kila Jumapili walicheza dama, mmoja na bia yake, mwingine na chai yake.

"Iko wapi?" akauliza.

"Tulisha kumuzika, yaya," mjane akajibu, akimwita kaka mkubwa kama kawaida yake.

"Mulimuzika? Bila miye? Muntu anakufa asubuhi, magaribi ashakuwa mu udongo, kama mbwa? Mulikuwa munaficha nini?"

Alilia mzee yule, ameshikilia nguzo ya baraza. Simlaumu kwa machozi. Namlaumu kwa swali lile la mwisho, kwa sababu halikulala uani. Lilitoka getini, likarudi limenenepa: mke ndiye aliyemla mumewe kwa uchawi. Lisemwalo lipo, watu wakasema, wakatikisa vichwa.

Mjane akaingia eda. Hakutoka, hakujipamba, miezi ikapita. Nilijaribu kueleza kwamba ndivyo dini yao inavyomtaka mke amwomboleze mume. Mke wa jirani akanicheka.

"Mwenye hana kosa hajifungie mu nyumba."

Nikamwambia afunge mdomo wake kabla sijaufunga mimi. Haikusaidia kitu. Nilikuwa nampelekea mjane maji, nikikaa naye kidogo, mwanamke kwa mwanamke mwenzake, naye kila mara alisema jambo lile lile: anataka kufia katika nyumba ile, kwa sababu kila mlango na kila dirisha ni kazi ya mikono ya mumewe. Nami niliomba Mungu abaki. Lakini watoto walishaanza kuzunguka mbali wakipita mbele ya baraza lake, na hakuna mtoto anayejifundisha hivyo mwenyewe.

Siku eda ilipokwisha, kaka yake alikuja kutoka Makomeno na gari la mizigo. Mjane akatoka nje, amekonda, akasimama katikati ya uwanja. Jirani wa mgodini akamsogelea. Nadhani alitaka kumzuia, ila hakujua aanzie wapi, akaanza pabaya.

"Mama, mu mukutano tulisema kilio ni ya bote."

"Tulisema," mjane akajibu. "Hii miezi yote nilikuwa mule ndani, nalia. Mulango yangu haikufungwa na ufunguo. Uliingia siku gani kulia na miye, yaya?"

Nilimwonea mzee huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja. Kaka mtu na dereva wakatoka na kitanda, mzee akanyoosha mikono ashike upande mmoja.

"Acha tu, yaya," mjane akasema. "Babili banatosha."

Mzee akasogea pembeni, wakapita wale wawili.