Pampu za Odhiambo na Nyumba Yetu ya Mawe

Enzi zetu pale Rusinga, kisiwani kwetu ziwani, samaki alikuwa na nyumba ya mawe, na nyumba hiyo haikuwa na swichi. Najua vijana watacheka, maana siku hizi kitu kisichowashwa na kuzimwa hakihesabiki kuwa kitu. Wacheke. Mtanielewa nyinyi wa rika langu, mliochubua magoti kwenye mawe ya ufuoni na kurudi nyumbani mkinuka shombo mpaka mkafukuzwa mlangoni.

Kwetu hakuna aliyetia wavu majini Jumapili. Ngege, wale sato wa kwetu, waliovuliwa Jumamosi, wale ambao bado walikuwa wanapumua, waliwekwa kwenye od rech, yaani nyumba ya samaki. Ilikuwa duara la mawe ndani ya maji ya magotini, na humo ndimo alimongojea samaki wa wageni wa baada ya kanisa. Kuijenga ilikuwa kazi ya watoto. Mimi na ndugu yangu Odhiambo, anayenifuata kuzaliwa, tulibeba mawe hadi viganja vikawaka moto. Tuliacha milango miwili, tukaiziba kwa vipande vya nyavu kuukuu ili samaki asitoke. Mmoja ulitazama unakotokea upepo wa alasiri. Wa pili ulikuwa pembeni, umekaa upande upande. Wimbi liliingia kwa ule wa kwanza, likaambaa na ukuta likizunguka, likatokea wa pili na takataka zote. Usiku upepo uligeuka ukatoka bara, na maji nayo yakageuka. Hakuna aliyelipa fundi.

Mkaguzi alikuwa Mama. Aliteremka jioni, leso imefungwa kiunoni, akaingia hadi katikati ya duara, akachota maji kwa kiganja na kunywa. Akimeza, tulikwenda kula. Akitema, tulibomoa ukuta tukaanza upya, huku harufu ya samaki wa nyanya na ugali wa mtama ikitujia kutoka jikoni kama matusi. "Kama mimi siwezi kuyanywa, samaki ataishi vipi humo?" ndivyo alivyouliza kila mara.

Nisiseme uongo, mara nyingi alitema kwa sababu ya Odhiambo. Huyu bwana tangu utotoni alipenda makuu. Aliiweka ile milango miwili ikitazamana, kwa sababu alitaka mawimbi makubwa, ya kuonwa na watoto wa boma jirani. Mawimbi aliyapata. Yalikutana katikati, yakapigana, yakatulia, na uchafu wote ukalala pale pale Mama alipokuwa anachota. Nilikula viporo vingi kwa ajili ya maringo ya huyo mtu.

Leo Odhiambo ana hoteli Migori, na vijana wake wa mapokezi wamevaa tai kwenye joto lile. Nyuma ya mapokezi ameweka tangi la kioo lililojaa maji, refu kupita kitanda cha watu wanne, na taa za buluu juu yake. Wageni hupiga picha wakiwa wameligeuzia mgongo, wakachapisha, wakaondoka bila kumtazama samaki hata mara moja. Watoto wao hubandika pua kwenye kioo na kuuliza kama samaki wale ni wa kweli. Mtoto wa Migori, mwendo mfupi tu kutoka ziwani, anauliza kama samaki ni wa kweli! Ukimwekea omena, dagaa wetu, kwenye sahani analia kwamba wanamkodolea macho. Sisi tulikula hayo macho kwanza.

Lakini nimpe Odhiambo haki yake. Ndani ya tangi aliweka ngege, ngege wenyewe, si hawa wa barafu wanaoshuka kwenye malori wakiwa wamekakamaa. Aliwapata kwa shida, kwenye bwawa la mzee mmoja huko juu ambaye hakutaka kuachana nao. Aliwatafuta kwa ajili ya Mama, ambaye hajaona ngege hai tangu nyavu za Baba zikunjwe. Macho yake yanafifia, na alikuwa amesema wazi kwamba angependa kuwaona mara moja zaidi angali anaona. Mama hapendi kutoka Rusinga hata kwa harusi. Safari hii alikubali. Ilipangwa aje Jumamosi.

Siku chache kabla ya hapo Odhiambo alinipigia simu Homa Bay, ninakofundisha, sauti imemwisha. Ngege walikuwa wanakufa. Kila asubuhi mmoja alikutwa ameelea ubavu, na maji yalikuwa yamegeuka rangi ya uji. Nilipanda gari nikaenda.

Mpwa wangu Brian, mwana wa Odhiambo na meneja wa hoteli, ndiye aliyenipokea. Ana shahada ya kuendesha hoteli na simu mbili. Alinisimamisha mbele ya tangi akanionyesha pampu mbili nyeusi za kuzungusha maji, moja kila upande, zikitazamana.

"Waya, hizi ni mpya kabisa, zimetoka majuu," akasema. Waya ndiyo shangazi kwetu. "Ziko na app. Hapa naeka waves, hapa naeka calm. Ikifika usiku zinajizima, ndio fish wapumzike."

"Nani alikwambia samaki anataka kupumzika?"

"Ni Daddy. Alisema lake hulala usiku."

Nikamgeukia Odhiambo. Alikuwa anarekebisha taa ya buluu isiyohitaji kurekebishwa.

"Si unajua usiku maji hutulia," akasema kwa sauti ndogo.

"Hutulia! Wewe umelala kando ya lile ziwa miaka yote ile, na hukuwahi kulisikia likigeuka?"

Nilitazama ndani. Mawimbi yalikuwepo, kweli, mazuri ya kupigia picha. Yalitoka kushoto na kulia, yakakutana katikati, yakafa. Chini yake, kwenye changarawe, palikuwa na rundo nene la uchafu, mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Chujio lilikuwa kwenye kona ya mbali likivuta maji safi, halina kazi. Usiku kila kitu kilipozimwa, uchafu ulikaa ukioza, na ngege wakapanda juu kutafuta pumzi. Mzee mzima, mwenye hoteli, amejenga tena ule ukuta wake wa utotoni, safari hii kwa stima.

Sikumhurumia. Nilimcheka mbele ya vijana wake wa tai, nikacheka mpaka nikaketi. Kisha nikakunja mikono ya blauzi.

Pampu ya kwanza tuliigeuza ipulize kwa kuambaa na kioo cha nyuma. Ya pili tuliishusha karibu na changarawe upande wa pili, ielekee kioo cha mbele, ili maji yazunguke tangi zima na kuusukuma uchafu hadi mdomoni mwa chujio. Brian aliuliza kama hii pattern ina jina, aitafute kwenye simu. Nikamwambia jina lake ni od rech, atafute. Kisha nikamwamuru aifute hiyo habari ya kuzima usiku. Alibonyeza, akabonyeza, akasema anangoja update. Nikachomoa kidude cha kutegea saa, nikachomeka pampu ukutani moja kwa moja.

Tulifyonza uchafu wa chini kwa mpira, tukabadilisha maji kidogo kidogo. Ijumaa hatukuokota maiti. Jumamosi asubuhi ngege walikuwa wameshuka chini, wametandaza mapezi, wanaelekea maji yanakotoka kama walivyofanya wale wetu.

Mama alifika mchana, amevaa gauni la kanisani. Odhiambo alimshika mkono akampeleka hadi kwenye kioo. Mama akawafuata ngege kwa macho, pua karibu iguse kioo. Kisha akaomba stuli.

"Ya nini, Mama?"

"Nipeni stuli."

Brian akamsaidia kupanda. Mama akasukuma kifuniko, akakunja mkono wa gauni, akatumbukiza kiganja na kuchota.

"Dani, usikunywe! Hiyo ni maji ya samaki!" Brian akapiga kelele. Dani ndiye bibi kwetu.

"Na mimi hii miaka yote nilikuwa nakunywa ya nani?"

Akanywa. Mimi na Odhiambo tulisimama bega kwa bega, mvi kichwani, tukingoja kama watoto wenye njaa. Mama akameza. Akachota tena, akameza. Odhiambo akanishika mkono, na sikuutoa.

Enzi zetu maji ya ziwa tuliyanywa tukiogelea, bila kuomba. Leo ziwa la kwetu limejaa gugumaji, chupa na povu la kijani, na Mama hunywa maji ya mvua kutoka kwenye paa lake la mabati. Vijana wanasema ndiyo maendeleo, kisha wanawasha pampu na kupiga picha.

Mama alikula, akasali, akataka kurudi kwake kabla giza halijaingia. Mlangoni alimwita Brian amtafutie chupa safi. Akaambiwa chupa za maji ya kunywa ziko tele, baridi na moto. Akatikisa kichwa, akaonyesha tangi.

Brian akaijaza. Mama akaifunga vizuri, akaipakata mapajani ndani ya gari, akarudi nayo Rusinga, kisiwani.