Waliokuja Kumpongeza Janvier

Ipo siku moja ya kule kijijini kwetu Bule ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu jana, ulipokuwa kwa rafiki zako na poda nyeupe ya kufaulu mtihani kichwani, vijana wawili walikuja hapa Rwambuzi kukuulizia, eti wakupongeze. Hata kiti sikuwapa. Niliwaambia umesafiri.

Basi sikiliza. Kaka yangu Janvier, mjomba wako ambaye hukumwona, alimaliza sekondari wakati watu walipokuwa wanasema vita vimekwisha. Tulisikia redioni kwamba amefaulu mtihani wa Serikali. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, nasi tukammwagia poda na kumzungusha sokoni kwa nyimbo. Mimi nilikuwa msichana mdogo, najivuna utadhani nimefaulu mimi.

Mchana huohuo vijana wenye bunduki wakaingia uani kwetu. Hawakuja na matusi. Walimkumbatia Janvier, wakamsifu.

"Siye tuko na bunduki, lakini hatuna mwenye masomo," mkubwa wao akasema. "Weye utakuwa wa kutuandikia tu. Hautagusa silaha."

Baba, mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kupandisha sauti, akasimama. "Janvier, hii sifa haiko ya bure. Hawa hawakukuuliza unataka kusoma nini tena." Kisha akamgeukia yule mkubwa. "Nilimusomesha na maharagi ya shamba yangu. Weye ulimupa nini?"

Vijana wakacheka, wakasema muzee anafuga mwoga. Janvier akaona haya. Alikuwa na umri wako, na kijana wa umri huo neno hilo humuuma kuliko fimbo. Wiki hiyohiyo akawafuata. Kalamu waliyomwahidi sijui kama aliishika. Tulichoambiwa ni kwamba walimweka mbele kwenye mapigano ya njia ya Fataki. Mwili hatukuupata. Baba akawa anakula kwa kubembelezwa mpaka alipokufa, na mimi nawachukia wale watu hadi leo. Naomba Mungu anisamehe, lakini sijaweza kuacha.

Sasa wamekuja wengine, na maneno ni yaleyale. Watakuambia ndugu zako wanakungoja, na kwamba amani hii ni ya uongo. Hapo huenda hawakosei, maana mimi mwenyewe nalala viatu vikiwa karibu na kitanda. Lakini vita vikirudi, havitarudi kwa mikono yako. Wakikusifu, nyamaza. Wakikuita mwoga, ondoka nalo jina hilo uje nyumbani, tutaishi nalo. Kesho asubuhi unakwenda kwa mama yako mdogo, Kisangani. Nguo nimeshazifunga, na usibishane nami.

Mungu akufiche machoni mwao, mwanangu. Akupe kazi, akupe mke na watoto wasumbufu kama wewe, akuzeeshe mpaka meno yaishe. Na siku yangu ikifika, wewe ndiye unizike.