Ukuta Usiopigwa Plasta

Mkutano wa kutoa maoni ulifanyika ndani ya ukumbi wenyewe, ule wa zege tupu karibu na mtaa wa Section 58. Nilikaa safu ya tatu kando ya baba, macho yangu kwenye faili ya mwenyekiti. Ndani yake mlikuwa na orodha ya watu wanaotaka ukumbi ubomolewe. Jina langu lilikuwamo, na baba hakujua.

Ukumbi huo baba aliujenga. Si peke yake, lakini mbao za kumwagia zege alizipanga yeye, na hadi leo ukutani unaona mistari na vifundo vya mti wa saipresi. Kazi ilipoisha mafundi waliruhusiwa kubeba mbao zilizotumika. Akazileta mtaani kwetu Kaptembwo, akatujengea nyumba. Juu ya kitanda changu kulikuwa na kifundo chenye umbo la jicho, na alama yake iko kwenye ukuta wa ukumbi, kushoto kwa jukwaa. Kila mgeni wetu alipelekwa kuiona, atake asitake, nami nikifuata nyuma nimenuna.

Shuleni ukumbi huo waliuita jela, na mimi binti wa jela. Kwa hiyo karatasi ya kutaka ubomolewe ilipopitishwa nje ya kanisa, nilitia sahihi kwa hiari yangu, tena kwa furaha.

Maoni yakaanza. Mama mmoja wa duka alisema hapo ndani ni baridi na watoto wanaogopa. Kijana mwenye kamera akampinga: "Wasee hutoka mbali kupiga hii kitu picha, mathe. Mkiibomoa mtajuta." Kisha mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Na kwani pesa iliisha? Mbona hata plasta hawakupiga?"

Ukumbi mzima ulicheka. Kwetu ukuta bila plasta ni nyumba ya mtu aliyekwama. Baba alikuwa amesikia swali hilo maisha yake yote, na kawaida hujibu kwa nusu saa. Siku hiyo alikaa tu, mikono juu ya magoti.

"Walioweka sahihi wasimame," mwenyekiti akasema, akifungua faili. "Tuhesabu."

Viti vikakwaruza sakafu. Mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani. Nilijidharau, na bado sikuinuka.

Nikaguswa begani. Alikuwa mama tunayesali naye. "Si tulisign pamoja pale kanisa?" aliniuliza kwa upole, kama mtu anayekukumbusha umeacha mwavuli. "Ama umesahau?"

Baba aligeuka. Alinitazama, na sikuona hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea, ningemwambia kuhusu jela na shule.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Basi simama," akasema. "Usiwaharibie hesabu."

Nilisimama. Karani alipita kati ya viti akihesabu kwa kidole, polepole, akakosea, akarudia mwanzo. Muda wote huo baba hakuniangalia tena. Alikuwa anautazama ukuta, upande wa kushoto wa jukwaa.